Kiwanja cha Taka Hupimwa kwa Pua

Ukipita kando ya mfereji wa Brussels ukaona bango jekundu kwenye uzio, kwa Kifaransa na Kiholanzi, jua kuna mtu anaomba kibali na majirani wana siku 15, au 30 mradi ukiwa mkubwa, za kusema lao. Tuseme anaomba kujenga kituo cha kuhamishia taka: magari ya mitaani yanamwaga, kijiko kinakusanya, malori makubwa yanapakia na kuondoka. Kibali cha mazingira kinatolewa na Bruxelles Environnement, mamlaka ya mazingira ya jimbo, chini ya sheria ya jimbo ya tarehe 5 Juni 1997. Miradi ya daraja la 1B inatosheka na ripoti ya athari. Ya 1A inachunguzwa na mtaalamu wa nje, mbele ya kamati inayomfuatilia.

Kazi inaanzia kwenye ramani. Mpango wa matumizi ya ardhi wa 2001 unasema wapi viwanda na shughuli za bandari vinaruhusiwa, na sehemu kubwa ya maeneo hayo imeufuata mfereji. Ramani ya udongo nayo inaweka viwanja kwenye makundi ya uchafuzi, kuanzia 0 hadi 4. Hapo mambo yanagongana. Mfereji umepita kwenye bonde la mto Senne, ule uliofunikwa katikati ya jiji kati ya 1867 na 1871: udongo wa bondeni, maji ya ardhini hayako mbali, na karne nzima ya viwanda imeacha mabaki yake. Mahali panapofaa kwa usafiri ndipo pabaya kwa maji. Kwa maoni yangu hili linamalizwa kwa fedha: paa, sakafu ya zege isiyovuja, mitaro, tangi la kutenga mafuta.

Harufu ndiyo kazi. Kituo bado hakijajengwa, utanusa nini? Wataalamu wanakwenda kwenye kituo cha aina hiyohiyo kinachofanya kazi, na kifaa chao ni pua za watu. Pua zinachujwa kwanza kwa butanoli: iliyo kali mno inakataliwa, na iliyolala vilevile. Nusu saa kabla ya kazi hakuna sigara, chakula wala bazoka. Kisha wanatembea upande upepo unakoelekea, wakiukatiza huku na huku, wakiandika wapi harufu inasikika na wapi inapotea. Kutokana na umbali huo na hali ya hewa ya saa ile, kompyuta inarudi nyuma kukokotoa kiasi kinachotoka kituoni, halafu namba hiyo inahamishiwa kwenye kiwanja kipya pamoja na upepo wake wa mwaka mzima.

Mara nyingi kikomo cha harufu kinaruhusiwa kuvukwa kwa asilimia 2 ya saa za mwaka. Hesabu: ni kama saa 175. Zikiangukia usiku wa baridi, madirisha yamefungwa, hakuna atakayejua. Zikiangukia jioni za Julai, watu wako nje na vyakula vyao, ni habari nyingine.

Brussels upepo unaotawala unatoka kusini-magharibi. Mtambo wa kuchoma taka wa Neder-Over-Heembeek, uliowashwa 1985, uko ukingo wa kaskazini, kwa hiyo moshi wake huelekea zaidi upande wa Vilvoorde, ambako leo ni jimbo jingine na wapiga kura wengine. Pwani yetu ujanja huo wa kumwachia jirani moshi haungedumu. Kusi ikikulinda, kaskazi itakugeuzia. Atakayepima mwezi wa saba peke yake atakuwa amepima nusu ya mwaka.

Lakini mimi ripoti za namna hii huanza kuzisoma nyuma, kwenye sura ya malori. Kituo kinakusanya mahali pamoja msongamano uliokuwa umetawanyika, na kelele za alfajiri anazisikia anayeishi kwenye njia ya kuingilia, hata kama yuko mbali na uzio. Tishari la tani 1,350, saizi inayopita mfereji wa kwenda Charleroi, linabeba mzigo wa malori 54 ya tani 25. Kwa hiyo kwenye mchoro natafuta kwanza gati. Kama kiwanja kimegusa maji na mchoro hauna gati, mfereji umewekwa kwa ajili ya mandhari.