Kidole Kilichokatwa Kuala Lumpur

Genge la watu wenye mapanga lilimvamia mwenye Mercedes-Benz S-Class jijini Kuala Lumpur, Malaysia, mwaka 2005, likadai ufunguo. Ufunguo peke yake haukutosha. Gari lilikuwa limefungwa kifaa cha kusoma alama za vidole, na bila kidole cha mwenyewe injini haiwaki. Wakamlazimisha kukiweka kidole, gari likawaka, wakamsukumia kiti cha nyuma wakaondoka naye. Baadaye walipotaka kuliwasha tena, kifaa kikadai kidole kwa mara ya pili. Safari hii wakamkata ncha ya kidole cha shahada kwa panga, wakamvua nguo na kumwacha kando ya barabara.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba teknolojia ilifeli. Mimi nakisoma kinyume. Kifaa kilifanya kazi yake: kiliwakataa wasiohusika. Kosa ni la aliyepanga kidole kiulizwe lini, bila kujiuliza mwenye gari atabaki na nini cha kutoa panga likiwa shingoni. Ufunguo unautupa chini na kukimbia. Namba ya siri unaitaja. Kidole kinakwenda na wewe, au kinakwenda bila wewe.

Tuangalie kifaa chenyewe. Visomaji vingi hupima chaji ya umeme. Chini ya uso wake vimepangwa vijisahani vidogo mno. Tuta la ngozi likigusa, chaji hubadilika sana, na pale penye bonde kati ya matuta, hewa inapobaki, hubadilika kidogo. Kutokana na tofauti hizo kompyuta hutafuta mahali matuta yanapoishia au kugawanyika, kisha hulinganisha na kumbukumbu iliyowekwa siku ya kwanza. Kwa hiyo kinachopimwa ni umbo na unyevu wa ngozi. Nani ana ngozi hiyo, na kama yu hai, ni swali jingine. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama walitengeneza vidole vya jelatini, ile ile ya peremende laini, wakavijaribu kwenye visomaji 11. Vyote vilidanganyika.

Jibu la mafundi likawa vipimo vya uhai: mapigo ya damu, jasho, namna mwanga unavyopenya ngozi. Ni kazi nzuri, ila inalinda gari. Jambazi hasomi kijitabu cha maelezo. Atagundua kwamba kidole kilichokatwa hakifai akiwa ameshakikata.

Desemba 2018 Hyundai ilitangaza Santa Fe yenye kisomaji kwenye kitasa cha mlango na kingine kwenye kitufe cha kuwashia. Kampuni ilisema uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kukubaliwa ni 1 kati ya 50,000. Takwimu safi, lakini inajibu swali ambalo genge la Kuala Lumpur halikuuliza. Lenyewe halikuja na kidole cha kubahatisha. Lilikuja na mwenye kidole.

Kilichonivutia zaidi kwenye Santa Fe ni jambo dogo: gari likikutambua, linarekebisha kiti na vioo vya pembeni kukufaa. Genesis GV60 ya mwaka 2021 ikaendeleza mwendo huo. Kamera ya infraredi kwenye nguzo ya mlango wa dereva inatambua uso na kufungua, kisha kidole kinawasha. Taratibu, mwili wa dereva umeacha kuwa kufuli na kuwa urahisi wa kuacha ufunguo nyumbani. Sioni ubaya, mradi ufunguo wa kawaida uendelee kukubaliwa, ili mtu awe na kitu cha kukabidhi.

Ulinzi dhidi ya utekaji unahitaji mpangilio mwingine kabisa. Madereva wa Nairobi na Dar es Salaam waliofunga vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti wanaujua: gari linaachiwa liondoke, na linazimwa kwa mbali baadaye, lisimame na lisiwake tena. Likigoma, mwenyewe hayupo hapo wa kudaiwa chochote.