Tarbia Isiyo na Vina: Lugha ya Makadeti wa West Point

Lugha ya chuo cha kijeshi hudhaniwa kuwa kavu: amri, itikio, na kimya. Lakini mwenye kuitegea sikio lugha ya West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu la Marekani kilichoasisiwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, atakuta humo lugha mbili zinazokaa nyumba moja bila ya kupatana. Moja hulikimbia fumbo. Nyingine haiwezi kuishi bila ya fumbo.

Ya kwanza ni ya maandishi rasmi. Kanuni za uandishi za jeshi hilo humtaka mwandishi aitangulize hoja yake kuu, atumie kauli ya kutenda, afupishe sentensi na achague maneno mafupi, ili msomaji apate maana kwa kusoma mara moja tu. Kanuni hizo zina hekima yake. Vitani, amri isiyofahamika huua. Na mshairi hana haki ya kuzicheka, kwani mizani nayo ni amri.

Ya pili ni ya mabwenini. Kadeti wa mwaka wa kwanza huitwa plebe, jina linalotokana na neno la Kilatini la watu wa tabaka la chini katika Roma ya kale. Wa mwaka wa pili ni mtoto wa mnyama aliyetimiza mwaka. Wa tatu ni ng'ombe. Na wa nne ndiye wa daraja la kwanza, kwani madaraja huhesabiwa kinyumenyume. Mafunzo ya kiangazi ya kumpokea mgeni nayo hupewa jina la mnyama mkali. Hivyo anayeingia huanza kama mtu duni, akapita zizini, ndipo akatoka afisa. Waliotunga istilahi hizi hawakujiita washairi, lakini kazi waliyoifanya ni ya ushairi.

Ndani ya lugha hii ya pili umo utungo mfupi kuliko yote. Kwa desturi, plebe aliyeulizwa na mkubwa wake alikuwa na majibu manne tu: ndiyo, afande, hapana, afande, sina udhuru, afande, sikufahamu, afande. Ni tarbia isiyo na vina. Uzito wake umo katika mshororo wa tatu, unaomfunza kijana kuubeba mzigo wa kosa lake bila ya kumtwika mwengine. Lakini mshororo huo huo humnyang'anya neno "kwa sababu". Aliyezoea kutotoa sababu aweza pia kuzoea kutoidai, na jeshi lisilodai sababu ni hatari kwa wenyewe na kwa wengine.

Hapo ndipo Edgar Allan Poe anapostahili kukumbukwa. Aliingia chuoni mwaka 1830, akafukuzwa mwaka 1831 kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Mwaka huo huo alichapisha diwani aliyoitabaruku kwa makadeti, ambao michango yao ndiyo iliyoiwezesha kutoka. Inasimuliwa kuwa walitarajia tungo za kuwakejeli maafisa, wakavunjika moyo. Walichokipata, pamoja na mengine, ni "Israfel", shairi la malaika ambaye wasomaji wa pwani wanamjua kwa jina la Israfili na kwa parapanda yake. Kwa vijana hao wa kijeshi, Poe alimleta malaika huyo bila ya parapanda: moyo wake ndio udi anaoupiga.

Wanawake waliingia chuoni mwaka 1976, na wimbo wa chuo ukaendelea kuwataja makadeti kama wana wa kiume hadi mwaka 2008, yaani miaka 32. Yalipobadilishwa maneno machache, idadi ya silabi ilibaki ile ile na muziki haukuguswa. Basi aliyedai kuwa utungo usingestahimili mabadiliko hayo hakuwa akiitetea mizani. Mizani ilikuwa na nafasi tangu mwanzo. Walioikosa nafasi ni watu.