Ustadi wa Kusoma Mwangwi

Wapo wanaoamini kwamba sona imeugeuza uvuvi kuwa kazi ya kutazama tu: washa kioo, ona samaki, tupa wavu. Imani hiyo haimtendei haki mvuvi, wala mashine yenyewe. Sona hupeleka sauti chini, husikiliza mwangwi, kisha huchora alama. Na kati ya alama ile na samaki pana kazi kubwa ya akili, ninayoihesabu miongoni mwa stadi bora za majini.

Asiyejua hukiona kioo kama picha ya maji yaliyo mbele na nyuma ya chombo, kumbe kinachochorwa pale ni wakati. Ukingo wa kulia ni sasa hivi. Kila kilicho kushoto kwake kimekwisha kupita. Sauti hukimbia majini kama mita 1,500 kwa sekunde, nayo hushuka ikipanuka kwa umbo la pia. Pia ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 30, hufunika duara la sakafu lenye upana wa mita 10 hivi. Chombo kikipita juu yake, samaki huingia pembeni mwa pia akiwa mbali kidogo, hufika katikati akiwa karibu, kisha hutoka akiwa mbali tena, na ndipo hujichora kama upinde. Lakini chombo kikitia nanga na samaki akatulia chini yake, upinde huwa mstari mrefu, na mgeni akadhani kakutana na jitu. Urefu wa alama husema muda aliokaa. Wa kupima ukubwa hutazama unene na nguvu ya rangi, tena kwa tahadhari, kwani sehemu kubwa ya mwangwi haitoki kwenye nyama bali kwenye kibofu cha hewa, kile kile ambacho cha sangara wa Ziwa Victoria huuzwa ghali kwa jina la bondo. Vibua wa Atlantiki hawana kibofu hicho. Kundi lao zima laweza kuonekana hafifu kuliko wenye vibofu walio wachache.

Husemwa kwamba mashine hii inaua maarifa ya wazee. Mimi naona inayadai. Manahodha wa zamani walipaka mafuta kitakoni mwa bildi, risasi ya kupimia kina, ili iinuke na mchanga au tope, wakajua wako juu ya nini. Sona huuliza swali lile lile: mwamba hurudisha sauti kwa nguvu, mara nyingine hata sakafu ya pili ikajichora kwenye kina maradufu, ilhali tope huimeza. Asiyejua changu hupenda kukaa wapi, na saa ngapi, habari hiyo haitamfaa kitu.

Pingamizi zito ni jingine, nami silipuuzi: sona ilichangia kuporomoka kwa heringi wa Norway mwishoni mwa miaka ya 1960, pale meli zilipoweza kuyafuata makundi hadi yakaisha. Lakini mwangwi huo huo ndio unaotumika Ziwa Victoria kukadiria wingi wa sangara na dagaa, kabla haijaamuliwa wavuliwe kiasi gani. Na hata huko, wataalamu hushusha nyavu kuhakikisha alama waliyoiona ni ya samaki gani.