Sahani ya Buluu na Hadithi Yake

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kuona sahani nyeupe yenye picha ya buluu: mti ulioinamisha matawi juu ya maji, daraja lenye watu watatu, mashua, nyumba ya mapaa yaliyopinda, na juu kabisa ndege wawili wakitazamana. Ukiuliza, utaambiwa ni ya China. Sivyo. Picha hiyo ilitungwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18.

Kazi ya mkono twaisifu. Fundi alichimba mistari katika bamba la shaba, akalipaka rangi, akaifuta hata ikabaki ndani ya mistari tu, kisha akaipiga chapa juu ya karatasi nyembamba. Karatasi hiyo, ingali mbichi, ilibandikwa sahanini na kusuguliwa sana; ilipooshwa kwa maji, karatasi ilitoka, rangi ikabaki. Ndipo sahani ilipotiwa dawa ya kung'arisha na kuchomwa tanuruni. Hivyo mtu asiyeweza kununua chombo cha China kilichochorwa kwa mkono alipata naye pambo la meza. (Watu wa pwani ya mashariki walikuwa na vyombo vya China vyenyewe, wakavitia hata katika nguzo za makaburi, kama kule Kunduchi.)

Ua wa mbele wapindapinda wala haulindi kitu. Hilo halituudhi, pambo ni pambo. Kinachotuudhi ni hadithi. Mwaka 1849 gazeti la Uingereza, The Family Friend, lilitoa habari za binti wa mkubwa mmoja aliyetoroka na karani, wakageuka ndege, kana kwamba ni ngano ya kale ya Wachina. Kumbe picha ilitangulia kwa miaka zaidi ya hamsini. Hadithi ilishonwa baadaye ili iitoshe. William Chambers, aliyetoa London kitabu cha majengo ya China mwaka 1757, alikuwa amefika Canton mwenyewe. Michoro yake ni mikavu, lakini twaiamini zaidi.

Yatuhusu nini sisi wa Kabondo-Dianda? Sisi nasi tumechorwa mara nyingi na watu wasiofika kwetu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akawakataza kuiga picha za Ulaya. Kweli, mwalimu mwenyewe alikuwa mgeni, na wanunuzi wengi walikuwa Wazungu. Huenda naye alikuwa na Afrika yake kichwani. Lakini weka picha ya Pilipili Mulongoy kando ya sahani ile. Naye hujaza kila mahali vialama vidogo vidogo, asiache nafasi tupu. Ila samaki wake waogelea kama samaki wa mito yetu, na ndege wake wana makinda ya kulisha. Wale wawili wa sahanini hawana hata mahali pa kutua.