Mwangwi au Usikilizano? Uhakiki wa Neno Moja katika Utengenezaji wa Saa

0. Utangulizi

Mwaka 2000 François-Paul Journe, mtengenezaji wa saa mzaliwa wa Marseille anayefanya kazi Geneva, alitoa saa ya mkononi iitwayo Chronomètre à Résonance. Ndani yake mna magurudumu mawili ya kuyumba, kila moja na springi yake, na kila moja hupiga mara 21,600 kwa saa. Hakuna meno wala mtaimbo unaoyaunganisha. Hata hivyo mapigo yao hupatana. Ustadi wa kazi hiyo hauna shaka. Kinachohakikiwa hapa ni neno lililobebeshwa kazi hiyo: résonance.

1. Chanzo cha jambo

Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens, akiwa mgonjwa chumbani, aliona kwamba saa zake mbili za ukutani, zilizoning'inizwa pamoja, zilikuwa zikienda sawasawa: penduli ya moja ikielekea kulia, ya pili ilielekea kushoto. Alipovuruga mapigo hayo, yalirudi kupatana baada ya muda wa nusu saa hivi. Kwanza alidhani hewa ndiyo sababu. Baadaye akatambua kuwa ni mtikisiko mdogo mno wa ubao uliozibeba saa zote mbili. Jambo hilo aliliita sympathie, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kuhisi pamoja. Baada yake Antide Janvier na Abraham-Louis Breguet walitengeneza saa za penduli mbili kwa kufuata jambo hilohilo.

2. Neno na kitu

Katika fizikia, résonance ni hali ya kitu kisicho na nguvu yake, kinachoyumba sana kwa kuwa kinasukumwa kwa kadiri ya mwendo wake wa asili. Mtoto aliyeketi kwenye pembea ni mfano mzuri: asiposukumwa, pembea husimama. Lakini kila gurudumu la saa ya Journe hulishwa nguvu na springi kuu, na lingeendelea kuyumba hata kama mwenzake angeondolewa. Mfano wake ni wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja ana mikono yake. Mchi mmoja ukipanda, mwingine hushuka. Na kinu ndicho kinachompasha kila mmoja habari za mwenzake. Tofauti ni kwamba magurudumu hayana nia: mtikisiko wa bamba linaloyabeba watosha, mradi mapigo yao ya asili yakaribiane sana.

Kwa hiyo anayetafsiri jina la saa hiyo kwa «mwangwi» anakosea mara mbili: anafuata kosa la Kifaransa, kisha analeta sauti inayorudi mahali pasipo na sauti ya kurudi. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi, kusikilizana, ambacho hubeba pamoja maana ya kusikia na ya kupatana. Nomino «usikilizano» yakaribia neno la Huygens kuliko jina lililochaguliwa na watengenezaji.

3. Dai la usahihi

Kosa la neno huzaa kosa la fikira. Inadaiwa kwamba msukosuko unaoharakisha gurudumu moja huchelewesha la pili kwa kiasi kilekile, na hivyo makosa hufutana. Kwa mizunguko ya ghafla ya mkono, dai hilo lina msingi, kwani magurudumu huyumba kinyume. Lakini mafuta yakizeeka au joto likibadilika, yote mawili huathiriwa kwa namna moja, na hakuna kinachofutwa. Mashahidi wawili waliokwisha sikilizana wanaweza kusema uongo mmoja. Kupatana si ukweli.

Kampuni ya Armin Strom ilikuwa wazi zaidi mwaka 2016, ilipounganisha magurudumu yake kwa springi inayoonekana kwa macho. Hapo msomaji anaona kinu chenyewe. Hata hivyo, neno résonance lilibaki katika jina.

4. Hitimisho

Mwanafunzi wa Kongo anayesoma sayansi kwa Kifaransa hurithi istilahi pamoja na kasoro zake. Kazi ya mwanaisimu si kuvika neno la kigeni kanzu ya Kiswahili, bali ni kuuliza kwanza kitu chenyewe kinafanya nini. Swali hilo likiulizwa mapema, Kiswahili huenda kikasema sawa pale ambapo lugha ya asili ya istilahi iliteleza.