Kimya cha Oddjob ni cha Nani?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Katika makala haya nakusudia kukichunguza kimya kimoja ambacho wengi wetu tumekifurahia bila kukiuliza lolote: kimya cha Oddjob, mpambe wa tajiri Auric Goldfinger katika riwaya ya Ian Fleming, Goldfinger (1959), na katika filamu iliyotokana nayo mwaka 1964. Najua wapo watakaoguna. Watasema riwaya za ujasusi ni fasihi pendwa tu, za kusomea ndani ya basi, za nini kuzipotezea wino? Mimi nasema tunachokisoma bila kujihadhari ndicho kinachotuingia zaidi.

Tuanze na jina. Oddjob kwa Kiingereza ni kazi ndogondogo za hapa na pale. Kwa Kiswahili chetu tungemwita Kibarua. Mtu mzima mzima anaitwa kwa kazi anazotumwa! Fleming anatuambia ni Mkorea, tena ana kasoro ya kaakaa, hivyo maneno yake haelewi mtu ila bwana wake. Yaani hata hicho kidogo anachosema, lazima kipitie kinywani mwa tajiri. Riwaya hii ilitoka miaka sita tu baada ya mapigano ya Korea kusimama mwaka 1953, vita ambavyo askari wa Uingereza nao walipigana. Ndani yake Wakorea wanadharauliwa waziwazi, na Mkorea tunayemwona zaidi hana ulimi wa kujibu.

Lakini mikono yake inasema. Nyumbani kwa Goldfinger, mbele ya Bond, anavunja kwa kiganja ubao mnene wa kushikia kwenye ngazi. Anapiga teke rafu iliyo juu ya meko. Kisha anarusha kofia yake yenye ukingo wa chuma, nayo inajikita ukutani kwenye mbao. Hana papara, hakosei. Na zawadi yake je? Anapewa paka wa mle ndani, akamle. Nadhani mwandishi alitaka tumwonee kinyaa. Mimi nikaona fundi anayelipwa kama mnyama.

Filamu ilimfanya bubu kabisa. Aliyeigiza ni Harold Sakata, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani, aliyepata medali ya fedha ya kunyanyua vitu vizito katika Olimpiki ya London mwaka 1948. Mkorea akaigizwa na mtu wa asili ya Japani, na mambo yakaenda. Kwa kuwa haongei, nani angejua?

Hata hivyo filamu hiyohiyo inampa kitu ambacho riwaya haikumpa. Huko Fort Knox, Goldfinger anafunga mlango wa hazina na kumwacha Oddjob ndani pamoja na bomu la nyuklia. Mwenzake, Kisch, anataka kukimbilia bomu alizime ili wapone. Oddjob anamtupa kutoka juu, anakufa. Kisha anateremka kupambana na Bond, mpaka anauawa na umeme akiishika kofia yake. Hapo ndipo ninapokwama. Je, alijua kwamba ameachwa afe? Kama alijua, alikuwa anamtii nani, tajiri au kazi yenyewe? Hatuambiwi, maana tangu mwanzo alinyimwa njia ya kutuambia.

Wengine watajibu kwamba huyu ni mhusika bapa, na kwamba kimya chake ni mbinu ya kujenga taharuki. Kweli, fani inamhitaji hivyo. Bubu anatisha kuliko mpiga domo. Ila mbinu haiji mikono mitupu, huja na dhamira zake. Ukimnyima mtu usemi, umemrahisishia msomaji kazi ya kushangilia kifo chake.

Nasema hivi kwa sababu nilishangilia. Mara ya kwanza tuliitazama tumebanana mbele ya runinga moja, na cheche zilipotoka tulipiga makofi wote. Mfalme wa mikasi yetu alikuwa Bond, Kibarua hatukumhesabu. Sasa nawaomba wenzangu mnaopenda riwaya za kijasusi, za Fleming hata za Elvis Musiba na Willy Gamba wake, mzirudie mkiwatazama wapambe. Mhesabu nani anasema, nani anasemewa, nani anakufa bila hata kulia. Halafu njooni tubishane.