Vali Ala: Uhakiki wa Jina la Injini Iliyoachwa

Jina "injini isiyo na vali" halistahili nafasi katika istilahi zetu za ufundi, ingawa zamani lilivuma. Kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa iliuza magari yake kwa herufi SS, zenye maana ya "bila vali". Lakini injini hiyo, iliyobuniwa na Mmarekani Charles Yale Knight na kupokewa na Daimler ya Uingereza mwaka 1908, ilikuwa na vali. Katika kila silinda mlikuwa na mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, yakipanda na kushuka baina ya pistoni na ukuta wa silinda. Matundu yake yalipokutana na matundu ya ukuta, hewa yenye petroli iliingia, au moshi ulitoka. Mabomba hayo ndiyo vali. Jina linalotaja kisichokuwapo, tena kwa uongo, halimfundishi mwanafunzi kitu.

Mwenye kufasiri kutoka Kiingereza naye atashawishika kusema "vali mkono", kwa kuwa Waingereza waliazima jina la mkono wa nguo. Kwetu mkono ni kiungo kwanza, na fundi akilisikia neno hilo atatafuta kitu kama wenzo. Napendekeza "vali ala". Ni kweli kwamba ala ya kisu hutulia na kisu ndicho kitokacho, ilhali hapa ala yenyewe husogea. Hata hivyo umbo lake na mahali pake huonekana mara moja.

Kosa kubwa zaidi ni kuiita mshindani wake, vali yenye kichwa na shina inayofungwa kwa springi, "vali ya kawaida". Mwaka 1908 haikuwa na haki ya sifa hiyo: ilipiga kelele, springi zake zilikatika, na ile ya kutolea moshi iliungua. Injini ya Knight ilikuwa kimya. Ila yake ilikuwa kula oili na kufuka moshi, tena ala zake zilitaka uchongaji wa gharama. Katika ndege, ala moja, ikipanda na kushuka huku ikijizungusha kidogo, ilitumika katika Bristol Hercules ya silinda 14 na Napier Sabre ya silinda 24. Ala za Sabre zilipoteza uduara wake, na Napier haikupata nafuu mpaka ilipopata ujuzi wa Bristol.

Kilichompa mshindani ushindi ni chuma bora, petroli bora, na sodiamu iliyotiwa ndani ya shina lake lenye uwazi ili ichukue joto. Kisha, baada ya mwaka 1945, injini za jeti zikazinyang'anya zote mbili ndege kubwa. Neno "kawaida" huyafuta yote hayo, na mwanafunzi hudhani kwamba ala ilikuwa mzaha wa wavumbuzi. Umbo la mshindani ni la uyoga, kichwa kipana juu ya shina jembamba. Basi iitwe "vali uyoga". Ya Knight iwe "vali ala mbili", na ya Bristol "vali ala moja".